Kamati ya mazishi ilipogeuka kamati ya kumchagulia binti yangu shule

Wakuu, salamu. Nitaeleza nilichokiona kwangu tu, bila kuongeza chumvi.

Mwezi wa tano mwaka jana, siku ya Jumatatu, nilimpoteza mke wangu. Tukabaki wawili, mimi na binti yetu Neema, chumba kimoja hapa Kangemi.

Neema ana kichwa cha hesabu. Tangu utotoni huziandika kwa chaki kwenye sakafu ya simiti. Mama yake akishika ufagio alikuwa anaambiwa, "Usifagie hapo, bado nafikiria." Basi anafagia pembeni.

Baada ya mazishi, sakafu ilikaa safi.

Mnajua kamati zetu za mazishi. Mkishazika, group ya WhatsApp hufungwa. Yetu haikufungwa. Shemeji yangu, kaka ya marehemu, ndiye alikuwa chairman. Akabadilisha jina, ikawa group ya shule ya Neema. Alikuwa Grade 9, wakati wa kuchagua senior school ya kuanzia Grade 10.

Wote walitaka boarding kubwa, ya mbali, yenye jina. Walisema marehemu alitaka hivyo.

Ni kweli alitaka. Lakini alitaka akiwa mzima, akijua likizo atakuwa nyumbani kumpokea.

Nilimpeleka Neema akaione ile waliyoichagua. Pazuri, siwezi kudanganya. Akamuuliza mwalimu wa hesabu swali, akaambiwa kwa upole kwamba hayo ni ya Grade 12.

Kisha tukaenda day school moja ya Kabiria, si mbali na kwetu. Madirisha mengine hayana vioo. Swali lile lile. Mwalimu akavuta kiti, wakabishana mpaka nikatoka nje kungoja.

Tukirudi nikamuuliza mwenyewe anataka wapi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza, hata mimi.

"Boarding nitalia watu wakiniangalia, baba. Nataka kulala nyumbani."

Nikaandika kwenye group kwamba ni Kabiria. Shemeji akajibu, "Unazika akili ya mtoto kando ya dada yangu." Akaleft. Wengine wakamfuata.

Mpaka leo hashiki simu zangu.

Nilichojifunza ni kwamba aliyeaga hawezi kubadilisha mawazo. Sisi tuliobaki ndio wa kuangalia mtoto yuko vipi leo. Kama kuna mzazi hapa amepitia haya, au anaona nilikosea, aniambie. Nitasoma zote.

Neema sasa yuko Grade 10. Jumamosi iliyopita nilichukua ufagio nisafishe nyumba. Alikuwa amepiga magoti karibu na mlango, hakuinua kichwa.

"Baba, usifagie hapo."

Nikafagia pembeni.