Siku Sita na Pejo ya Buganguzi

Siku yangu ya kwanza kazini niligongwa vidole kwa spana. Ulikuwa mwaka uliofuata Uhuru, katika karakana ya serikali pale Bukoba mjini, nami nimekwenda na shati jeupe la kanisani kama mjinga. Fundi Mkuu, mzee mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, alinikuta nakaza nati kwa nguvu zangu zote.

"Nati imekukosea nini?" aliniuliza, na spana ikashuka. "Kabla hujaweka mkono, uliza! Gari limetoka wapi, limefanya nini, nani aliligusa mara ya mwisho."

Kisha akanipa debe la mafuta ya taa nioshe bolti mpaka jioni. Shati lile halikuvalika tena. Nilimchukia mzee yule mwezi mzima.

Ninyi vijana wa leo mnachomeka waya, kompyuta inawatajia ugonjwa wa gari. Sawa, siwaonei wivu. Haya, nawaonea kidogo. Sisi tulikuwa na sikio, pua na ulimi. Ndiyo, ulimi! Petroli iliyochacha niliijua kwa kuionja na kuitema. Nilikaa Bukoba miaka mingi nikapanda cheo, na Muleba ilipofanywa makao ya wilaya nikahamishiwa huko, kwenye karakana ya mabati yenye jeki moja.

Miaka hiyo ya Ujamaa spea zilikuwa za kusikia tu. Gari likifa tulilichinja: dinamo yake inakwenda huku, springi zake kule, ili mengine yatembee. Mkuu wa Karakana pale Muleba, mtu mrefu asiyetabasamu, alikuwa na orodha ya magari mafu ya wilaya nzima. Jumatatu moja aliniita.

"Kuna Pejo mia nne na tatu Buganguzi," alisema. "Imelala miaka tisa. Mwenyewe anadai itatembea. Nimemwandikia kwamba Jumamosi naleta lori. Injini ikizunguka, ni gari lake. Isipozunguka, ni spea zetu, na amekubali kwa sahihi yake. Nenda ukahakikishe."

Alitaka nikahakikishe kwamba imekufa. Nilielewa vizuri sana.

Mwenyewe aliitwa Ta Kalikisti, yaani Baba Kalikisti, mzee wa kahawa na migomba, mcha Mungu, mbishi. Baada ya Azimio la Arusha alisikia watu wakiitwa wanyonyaji, akaingiwa na hofu. Akaiingiza Pejo kwenye kibanda cha nyasi nyuma ya migomba, akawa anatembea kwa miguu kama wenzake. Halafu akaanguka kutoka kwenye ngazi akichuma kahawa, nyonga ikavunjika, na hata hiyo miguu ikaisha. Nilimkuta amekaa mlangoni na mkongojo wake.

"Fundi," alisema hata kabla sijanywa maji, "Jumapili mwanangu Deo anapewa upadre Kashozi. Basi la huku limekufa tangu Kwaresima. Mtoto huyo nilimpeleka seminari kwa gari hili. Sitaki kubebwa kama gunia la kahawa mbele ya Askofu. Nitakwenda kwa gari langu au nitabaki hapa hapa."

"Utabaki vipi, Ta? Ni upadre wa mwanao!"

"Nitabaki."

Mkewe, Ma Justina, aliniletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo. Hakunitazama usoni. Nilidhani ni heshima.

Kibandani nusura nilie. Walikuwa wamelitandikia gari nyasi chini, nyasi mbichi kila sikukuu, kama Wahaya wanavyotandika sebuleni mgeni akija. Heshima tupu! Lakini nyasi zile zililowesha hewa miaka tisa, na bati la chini likawa matundu matupu. Nilianza na yanayotengenezeka. Jumatatu na Jumanne nilimwaga petroli ya tangini iliyogeuka gundi, nikatia mpya kutoka debe langu, nikafungua kabureta, kile kidude kinachochanganya petroli na hewa, nikakiosha. Nikasafisha pointi, zile zinazotoa cheche, kwa msasa, nikatia mipira ya magurudumu viraka, nikabadilisha betri na raba za breki kwa zile nilizokuja nazo. Nilijua ninaukwepa ugonjwa wenyewe.

Injini ilikuwa imekamata. Pistoni, zile zinazopanda na kushuka ndani ya silinda, zilikuwa zimeng'ang'ania. Hendeli ile ya kuzungushia kwa mkono haikusogea hata unywele. Nikasema hiyo ni kutu. Nikatoa plagi, nikamimina mafuta ya taa, nikangoja. Jumatano nikamimina tena. Hakuna kitu. Kila jioni Ta Kalikisti aliuliza kutoka mlangoni, "Imegeuka?" nami najibu, "Bado, Ta." Kila asubuhi Ma Justina aliniletea kahawa, akarudi upesi migombani.

Alhamisi hasira zikanipanda. Nikatafuta bomba refu, nikalichomeka kwenye hendeli ili nipate nguvu zaidi. Nilijua nikivuta hivyo kitu kitavunjika ndani, na nilikuwa tayari kivunjike, maana siku zilikuwa zimeniishia. Nikatema mate viganjani.

"Waitu, bwana wangu, acha!" Ma Justina alikuja mbio kutoka migombani, kitenge kinamdondoka. Alishika bomba kwa mikono miwili. "Acha, fundi. Si kosa la gari. Ni mimi."

Akaniambia yote, kwa Kihaya, kwa sauti ya chini mume asisikie. Ta alipolilaza gari alimwagiza: kila Mwaka Mpya toa plagi, mimina kijiko cha oili kila silinda, zungusha hendeli kidogo. Alifanya hivyo bila kukosa. Kisha oili ikaadimika madukani. Akaona aibu kumwambia mumewe, maana mzee alikuwa amebaki na nyonga mbovu na gari hilo tu la kujivunia. Basi akaanza kumimina samli ya ng'ombe wake. Mwaka uliofuata hendeli ikawa nzito. Akadhani gari lina njaa, akazidisha vijiko.

"Samli!" nilisema.

"Safi, fundi. Niliichuja."

Nilikaa chini kwenye zile nyasi nikacheka mpaka machozi, halafu nikaona haya. Siku nne nalihoji chuma, na mtu aliyeligusa mara ya mwisho ananiletea kahawa kila asubuhi! Fundi Mkuu wa Bukoba angenivunja vidole vyote kumi.

Haikuwa kutu. Ilikuwa samli iliyoganda ikawa ngumu, na samli hailegezwi kwa bomba, inayeyushwa kwa moto. Ma Justina alitoa masufuria aliyoazima kwa ajili ya ndizi za sherehe. Tulichemsha maji, tukayamimina kwenye rejeta ili yazunguke injini na kuipasha joto, tukayamwaga, tukamimina mengine. Ijumaa tangu alfajiri tulifanya hivyo, na mafuta ya taa ya moto juu ya pistoni. Saa nne asubuhi nilishika hendeli kwa mkono mmoja. Ikasogea. Ma Justina akapiga vigelegele, kisha akajiziba mdomo.

Silinda nilizimulika kwa tochi. Ziling'aa. Samli ile ile iliyozikamata ndiyo iliyozuia kutu.

Jumamosi Mkuu wa Karakana alifika na lori na wapakiaji wanne. Hata sikumsalimu. Nilipiga hendeli mara moja, mara mbili, mara ya tatu Pejo ikakohoa, ikanguruma, ikatoa wingu la moshi uliotanda kijiji kizima. Watu walitoka majumbani wakinusa.

"Fundi," Mkuu aliuliza, "unakaanga nini humo?"

"Ni oili ya zamani, Mzee."

Alilitazama gari muda mrefu. "Jumatatu saa moja na nusu uwe kazini," alisema, akapanda lori lake tupu.

Jumapili niliendesha mwenyewe. Ta Kalikisti alikaa mbele kwa suti yake ya harusi, Ma Justina nyuma. Tulipita Muleba, tukapita Kemondo, moshi bado unanukia samli. Baada ya Bukoba mjini Ta akasema, bila kugeuka:

"Justina. Kila Mwaka Mpya nilikuwa nakula maharage makavu, unaniambia samli kaila paka."

Nyuma, Ma Justina alijifunika kitenge usoni.

"Kumbe paka mwenyewe ndiye huyu tumempanda."

Alinyoosha mkono nyuma ya kiti, na mkewe akaushika. Hawakuachana mpaka Kashozi, ambako mzee alishuka kwa miguu yake na mkongojo, Deo akimtazama kutoka mlango wa kanisa.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, Biharamulo, kisha Bukoba tena. Kila gari lililoletwa, kabla ya spana nilimwuliza aliyelileta, "Limekula nini?" Wenzangu walinicheka. Sikujali hata kidogo.

Siku ya kuagwa kwangu nilipewa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Mwishoni alisimama padre mmoja mwenye mvi, Deo, akanipa kopo la samli lenye mfuniko.

"Mama anakusalimu," alisema. "Anasema hii ni ya maharage."