Babu Niliyenyonya Naye

Kwetu mwanamke halitaji jina la baba mkwe wake. Hakuna aliyemkataza, ni ulimi wenyewe unaokataa. Na kwa kuwa mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, mama hujikuta amezaa mwana asiyeweza kumwita kwa jina lake. Basi humwita Babu. Ukipita vichochoro vya Takaungu utasikia mwanamke akipiga kelele, "Babu, toka kwenye matope!" na anayetoka ni kitoto kisichovaa hata suruali. Mume wangu alikuwa Babu wa aina hiyo. Ndugu zake walimwita hivyo hata alipoota ndevu. Mimi nilimwita Baba, kama binti yetu alivyomwita, maana jina la mume nalo halitajwi. Nayaeleza haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyonitia hofu kubwa kuliko zote nilizozijua maishani.

Ilikuwa miaka ya themanini, tukiishi Malindi. Wazee wachache waliochoka kubishana nani ni nani walianzisha chama cha nasaba, wakawa wanakutana Ijumaa baada ya alasiri katika chumba cha madrasa. Kazi yao ilikuwa kufuatilia koo zilizoteremka kutoka Lamu, Pate na Siyu zikakaa Malindi na Takaungu, kusoma mawe ya makaburi kabla chumvi haijayala maandishi, na kuchora shajara, yaani mti wa nasaba, ya kila ukoo kwenye karatasi kubwa za manila. Baada ya kujisifu kwa muda mrefu, wakagundua kwamba wanachokijua ni majina ya wanaume tu. Waliobaki wakijua nani alizaliwa na nani, na lini, na kwa shida gani, ni bibi vizee walioketi vyumba vya ndani, ambako wao hawaingii. Hapo ndipo nilipoitwa mimi. Nilikuwa nikishona nguo nyumbani, mwandiko wangu ulisifiwa tangu shule, na mdomo haukunipungukia.

Watu walituogopa. Tulipobisha hodi, wengine walijibu kwamba mwenye nyumba hayupo, na sauti iliyojibu ilikuwa ya mwenye nyumba mwenyewe. Wengine waliogopa atapatikana bibi aliyenunuliwa kama mtumwa. Wengine waliogopa hatapatikana babu Mwarabu waliyekuwa wakimsimulia. Mimi niliwacheka sana. Nilimwambia mwenzangu kwamba mtu asiye na la kuficha hana la kuogopa, na nilisema hivyo kwa sauti ya mtu ambaye zamu yake haijafika.

Mwenzangu huyo alikuwa mwalimu wa madrasa, mwanamke wa makamo, jirani yetu. Yeye ndiye aliyesisitiza kwamba kila bibi tutakayemhoji aulizwe pia amenyonyesha watoto gani wasiokuwa wake. Kwa sheria ya dini yetu, watoto walionyonya kwa mwanamke mmoja wakashiba ni ndugu, na hawaoani kamwe. Wakioana bila kujua, siku ikijulikana ndoa inavunjwa siku hiyo hiyo, hata kama wamezeeka pamoja. Vijana wanaoana ovyo, alisema, na wanaojua wanakufa.

Mwenyekiti naye alikuwa na sharti lake. Watoto waliokufa wadogo tusiwachore, kwa kuwa hawakuacha kizazi na karatasi haitoshi. Sikubisha. Mchoraji nilikuwa mimi, na vidole ambavyo vingechoka vilikuwa vyangu.

Siku tuliyokwenda Takaungu tulielekezwa kwa mjane wa ami yake mume wangu. Sikuwahi kumwona. Mumewe alipofariki, alirudi kwao Siyu akaolewa tena huko. Aliporejea Takaungu uzeeni, mimi nilikuwa tayari nimeolewa, na wakwe zangu wote wawili walikuwa wamekwisha kufa hata kabla ya harusi yangu. Tulimkuta juu ya mkeka akisuka ukili wa mkeka mwingine. Tulimpa shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho.

"Na weye ni mwana wa nani?" akaniuliza.

Nikamtajia mama yangu. Mikono yake ikasimama.

"Aliyekuwa akikaa nyuma ya msikiti? Wakahamia Malindi?"

"Ndiye, bibi. Amefariki zamani."

"Basi weye ni mwanangu!" Akacheka, ufizi ukaonekana. "Hukuambiwa? Mamako alipokuzaa alishikwa na homa, maziwa yakakauka. Nimekunyonyesha miye. Weye ziwa hili, Babu ziwa hili, mwezi mzima, hata mamako akainuka."

Mwalimu alikuwa akiandika. Kalamu yake ilisimama, akanitazama. Alikuwa amewasikia shemeji zangu wakimwita mume wangu Babu mara zisizo na hesabu. Wala hakuuliza ni Babu yupi, maana shajara ya ukoo ule nilikuwa nimeichora kwa mkono wangu, na mjukuu aliyepewa jina la babu wa ukoo alikuwa mmoja tu.

Aliuliza kwa sauti ya chini, "Walishiba?"

"Walishiba mpaka wakacheua," akasema bibi, akaendelea kusuka.

Nilitaka kuuliza, na nikaogopa kuuliza, kwa kuwa jibu likishatoka halirudi. Nikasimama nikasema basi litatuacha. Bibi alinishika mkono akitaka kunibusu kichwani, nami nikauchomoa mkono wangu nikatoka, sikumbuki hata kama niliaga.

Njiani kuelekea barabara kuu mwalimu alitangulia, daftari kifuani. Tulipofika kwenye kivuko cha Kilifi, tukisubiri feri itoke ng'ambo ya pili, akanigeukia.

"Mwanangu, hukutenda dhambi. Hukujua. Na mtoto wenu ni halali, hilo liweke moyoni. Lakini mimi nimesikia, siwezi kujifanya sikusikia. Ijumaa nitayasoma haya mbele ya chama, na yatafika kwa kadhi. Ukiwa na la kuuliza, kaulize kabla."

Nilimwambia ndiyo. Ningemwambia ndiyo kwa lolote, ilimradi anyamaze.

Nyumbani nilimkuta mume wangu amembeba binti yetu mabegani, wanacheka. Niliwatazama sura zao, halafu nikaenda kujitazama kwenye kioo, nikitafuta kitu ambacho ningekuwa nimekiona tangu zamani kama ningekuwa na akili. Nikakiona kwenye pua. Kesho yake nikakiona kwenye masikio. Hofu ikikushika hivyo unaona chochote unachokiogopa. Nilijisingizia homa nikahamia kitanda cha mtoto. Chakula chake nilikipakua nikakiweka mezani nikatoka, nisije nikagusana naye mkono. Niliogopa kumtazama, na niliogopa zaidi kwamba nilikuwa bado nampenda vile vile, kwa sababu sikujua penzi hilo sasa linaitwaje.

Nilikwenda kumwuliza baba yangu, nikijifanya nauliza kwa ajili ya chama, nilinyonya kwa nani.

"Ulinyonya," akasema. "Ungekuwa hujanyonya ungekuwa hapa unanihoji?"

"Kwa nani, baba?"

"Mambo ya wanawake hayo. Mamako aliugua, nikatoka nikaenda Ngomeni kutafuta samaki wa kuuza. Niliporudi mlikuwa wazima nyote wawili. Nikamshukuru Mungu, sikuuliza."

Kwa hiyo homa ya mama ilikuwa kweli. Nilirudi nyumbani nikikanyaga mchanga bila kuuhisi. Lile tumaini dogo kwamba bibi yule amechanganyikiwa kwa uzee likaishia pale.

Mume wangu alivumilia siku chache, kisha akanifuata jikoni.

"Nimekukosea nini? Niambie basi nijue."

Nikamwambia, nikiwa nimempa mgongo, nikikuna nazi. Mwanzo alicheka. Halafu akaniuliza bibi alisema nini hasa, nikarudia neno kwa neno, na kicheko kikamkauka. Alikaa kwenye kibao cha jikoni akashika kichwa. Nilingoja anikaripie, aseme chama chetu ni cha wanawake wambeya, aseme lolote. Aliinuka akaenda chumbani, akachukua mto wake akajitandikia sebuleni mwenyewe, bila mimi kumwambia. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu kamili, kwa kuwa mpaka wakati ule nilikuwa bado nangoja yeye aseme si kweli.

Asubuhi ya Alhamisi tulimwacha binti yetu kwa baba yangu, tukaenda Takaungu. Ndani ya basi tulikaa viti mbalimbali. Kwenye feri alisimama mbele na mimi nyuma, magari katikati yetu, na mtu angetuona angesema hatujuani. Nilikuwa nikihesabu vitu vya nyumba kichwani: cherehani changu, makabati yake, mtoto. Cherehani na makabati nilijua yatakwenda wapi.

Bibi alikuwa pale pale, na ukili ule ule, umerefuka. Safari hii aliinua macho.

"Mwanangu amerudi," akasema. "Nilidhani nimekuudhi. Na huyu n'nani?"

Mume wangu akapiga goti, akampa mkono.

"Shikamoo, bibi. Ni mimi Babu."

"Babu gani?"

"Babu, mtoto wa shemeji yako. Huyu ni mke wangu." Kisha akasema kwa mkupuo, "Tunaambiwa ulitunyonyesha pamoja."

Bibi alimtazama, akanitazama mimi, akarudi kwake. Sijawahi kungoja kama nilivyongoja pale. Nilisikia kuku wakiparura uani, na nilitamani waendelee kuparura hivyo hivyo na bibi asiseme neno maisha yote.

"Weye?" akasema. "Weye nikunyonyeshe miye? Mamako angenikubalia! Mwanamke yule, Mungu amrehemu, hakumpa mtu mwanawe hata kumshika. Alikuwa akiniona kwa jicho baya, anipe weye uninyonye?" Akatikisa kichwa. "Weye ni Babu Mkubwa. Ulikuwa ushaacha ziwa zamani, ukikimbia huko uani ukiwatupia kuku mawe. Niliyemnyonyesha na huyu ni Babu Mdogo. Babu wangu miye."

Ndugu wawili, akatueleza, kila mmoja alimpa mwanawe wa kwanza jina la baba yao. Nyumba moja, majina mawili yanayofanana, wake wawili wasioweza kuyataja. Ndiyo ikawa Babu Mkubwa na Babu Mdogo. Babu Mdogo alikufa kwa surua, akiwa ndio kwanza ameanza kutembea.

Mume wangu alitoka nje. Nilimsikia akipenga kamasi ukutani. Mimi nilianguka kwenye mkeka nikalia kwa sauti, kilio cha aibu na furaha, nikasema alhamdulillahi mara nyingi mpaka maneno yakapoteza maana. Bibi alinipigapiga mgongo. Aliniacha nilie nimalize, ndipo akauliza.

"Na nyinyi mlipatapi kuwa ni huyu?"

"Kwenye shajara, bibi. Tumechora ukoo wote. Mwenye jina lile yuko mmoja tu."

Mkono wake ukatulia mgongoni kwangu.

"Kumbe wangu hamkumwandika," akasema.

Nilimweleza sharti la mwenyekiti, karatasi na kizazi, na nilivyokuwa nikieleza ndivyo maneno yalivyozidi kuwa machache. Hakukasirika. Aliuchukua ukili wake, akausuka kidogo, akaufumua, akausuka tena.

Ijumaa mwalimu wa madrasa aliyasoma yote mbele ya chama, mpaka mwisho wake. Mwenyekiti alianza kusema kwamba sharti ni sharti. Nilimwambia kwamba kwa sharti lake nimelala wiki nzima kitanda cha mtoto, na kama karatasi haitoshi nitaishonea nyingine kwa cherehani. Akanisogezea karatasi. Nikaandika jina la Babu Mdogo chini ya ami yake mume wangu, na pembeni yake, kwa mstari wa nukta nukta tuliokubaliana uwe wa ziwa, nikaandika langu.

Nilimpelekea bibi karatasi ile Takaungu. Hakujua kusoma. Tuliikunjua juu ya mkeka, nikakishika kidole chake nikakiweka mahali penyewe.

"Ni hapa?" akauliza.

"Ni hapa, mama." Nilikuwa sijapata kumwita hivyo.

"Pameandikwaje?"

"Babu..." nikaanza.

"La. Hilo nalijua. Lisome lenyewe. Miye sijalitamka hata siku niliyomzika."

Nikalitazama. Lilikuwa jina la mwanawe, na lilikuwa jina la mume wangu, ambalo halikuwahi kupita mdomoni mwangu tangu nilipoolewa. Ulimi ukawa mzito. Nikalitamka, lote, na la baba yake, na la babu yake.

Bibi alifumba macho, kidole bado kiko pale pale.

"Tena," akasema.