Mama Gundi na Kabati la Vitabu vya Picha

Shangazi yangu alifagia maktaba kwa miaka kumi na tisa, na sikumbuki mtu hata mmoja aliyewahi kumwita mfagizi. Watoto walimwita Mama Gundi. Wakubwa nao wakafuata, hata wale wa ofisini waliozoea kumtuma chai.

Jina hilo alilipatia jikoni kwetu. Kila Jumatano mchana alikuja na unga wa ngano kwenye mfuko, akaukoroga kwa maji baridi, akabandika sufuria, akaendelea kukoroga bila kupumzisha mkono mpaka uji ule ukawa mzito na kuanza kung'aa. Ukishapoa ni gundi. Aliutia kwenye kopo na kurudi nao kazini, kwa sababu saa tisa alasiri watoto wadogo walikuwa wanakuja.

Hakuna aliyemtuma. Kwenye kona ya maktaba kulikuwa na mkeka na kabati la vioo lililojaa vitabu vya picha, vya msaada, ambavyo watu walivipita tu. Shangazi ndiye aliyekuwa akivipangusa vumbi. Alivifungua kimoja kimoja huku amesimama, kitambaa begani, na akajikuta anacheka peke yake. Shule aliishia darasa la saba, tena kwa kusukumwa, lakini picha hazikumdai cheti. Siku moja akamwomba mkuu wa maktaba wa wakati ule, mzee aliyekuwa anahesabu miezi ya kustaafu, amruhusu kuwasomea watoto wa mtaa. Mzee akampa ufunguo. "Fanya," akamwambia, "ila usinivunjie vioo."

Basi akafanya kwa mtindo wake. Kila wiki ilikuwa na jambo moja tu. Wiki ya viatu, kwa mfano, alitafuta vitabu vitatu ambavyo ndani yake kuna viatu, hata kama hadithi yenyewe inamhusu dubu aliyepotea njia. Akasoma, akawauliza watoto kiatu kiko wapi, nao wakagombea kukionyesha kwa vidole. Halafu kila mtoto alikanyaga kipande cha boksi, mwenzake akamchorea mguu kwa penseli, wakakata, wakatoboa matundu, wakapitisha kamba zilizotokana na vipande vya nguo kutoka kwa mama yangu. Mama alikuwa fundi cherehani, na kibaraza chake kilitazamana na maktaba. Siku ile watoto kumi na wanne walirudi kwao wakijua kufunga kamba za viatu, na wengine hawakuwa na viatu vya kamba.

Wiki ya ndege mtoto mmoja alibandika ndege mwenye miguu minne. Dada yake akamcheka. Shangazi akamtazama ndege yule kwa makini, akasema, "Mwache. Huyu akitua hataanguka."

Wiki ya usingizi walitengeneza vitanda kwa vibweta vya kiberiti, magodoro ya pamba, na watu wa karatasi wa kulaza ndani. Kulikuwa na binti wa miaka sita tuliyemwita Kwanini, maana ndilo neno lake la kwanza na la mwisho. Yeye alilaza watu watatu kwenye kitanda kimoja.

"Hawabanani?" shangazi akamuuliza.

"Wanabanana. Wa katikati ni mimi."

Shangazi akamkatia blanketi pana zaidi.

Mzee akastaafu, akaja mkuu mpya. Sitamsingizia, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mpangilio, kalamu mbili mfukoni, na rafu zikipishana hata kidole kimoja alisimama kuzinyoosha. Wiki yake ya pili aliwakuta sisimizi wanapanda kabati la vioo kwa mstari, wamefuata tone la gundi ya ngano. Akamwita shangazi ofisini, mlango ukabaki wazi, na karani wa mapokezi akasikia yote.

"Mama, wewe umeajiriwa kufagia."

"Nafagia, Mkuu. Saa nne asubuhi huoni hata kipande cha uzi sakafuni."

"Na hawa sisimizi?"

"Hao ni kosa langu. Nitapangusa, na gundi nitaitia chumvi."

"Usitie chochote. Naomba ufunguo. Vitabu hivi ni mali ya umma. Vikichanika nitaulizwa mimi."

Shangazi akautoa ufunguo kwenye mfuko wa koti lake la kazi, akauweka mezani. "Umma wenyewe ndio wale wanaokaa mkekani," akasema, akatoka.

Jumatano iliyofuata watoto wakaja kama kawaida. Kabati lilikuwa na kufuli jipya. Shangazi akawakalisha mbele ya vioo, akawaambia wachague jalada moja na wamweleze ndani kuna nini. Wakaanza. Mmoja akasema ndani kuna samaki anayemtafuta mama yake, mwingine akasema hapana, anamkimbia. Ubishi ukapanda. Mkuu akatokea, kidole mdomoni.

"Hapa ni maktaba, si sokoni."

Shangazi aliwaambia watoto wainuke, washikane mikono wawili wawili, akawatoa nje, akasimamisha magari kwa ufagio, akavuka nao barabara mpaka kibarazani kwetu.

Mama aliinua macho kwenye cherehani. "Wifi, umeniletea shule nzima?"

"Nimekuletea wageni. Sogeza vitambaa."

"Wageni hawapangusi pua kwa gauni la bibi harusi. Mwangalie huyo."

Lakini alisogeza.

Vitabu havikuwepo, kwa hiyo ikabidi wavitengeneze. Shangazi alikusanya maboksi ya sabuni kutoka madukani, mimi nikayakata kurasa zilingane. Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na tisa, najifunza ushonaji kwa mama, na kazi yangu ya kwanza kusifiwa na watu haikuwa nguo. Ilikuwa migongo ya vitabu, boksi juu ya boksi, uzi mnene, mshono mmoja katikati. Nilivunja sindano nne za mama kabla sijajua kuizungusha cherehani kwa mkono. Watoto walichora, wakabandika vizibo, majani makavu, vifungo na vipande vya magazeti. Wasiojua kuandika walisema, nasi tukaandika kama walivyosema, bila kunyoosha neno. Kukawa na wiki ya milango, wiki ya mikono, wiki ya vitu vilivyovunjika. Kwanini akatoa kitabu cha kurasa sita kuhusu kitanda cha watu watatu. Kila kitabu kilitundikwa kwa vibanio kwenye kamba, na baada ya miezi minne kamba ilikuwa na vitabu thelathini na kimoja. Wateja walikuja kupimwa suruali, wakasahau walichofuata.

Barua ya onyo ililetwa na karani, kwenye bahasha ya kahawia. Ilisema mhudumu wa usafi anaacha kituo cha kazi kila Jumatano saa tisa bila ruhusa, ajieleze kwa maandishi ndani ya siku saba, la sivyo hatua zitachukuliwa. Shangazi aliisoma amesimama, akaisoma tena ameketi. Alikuwa amebakiza miaka mitano kustaafu. Mume wake alikuwa amefariki, na nyumba yote ilimtegemea yeye.

Akaomba karatasi na kalamu, akaandika mwenyewe, polepole, kwa ile hati yake iliyolala upande mmoja: "Mimi huanza kazi saa kumi na mbili asubuhi, saa mbili nzima kabla ya wenzangu. Jumatano natoka saa tisa. Hesabuni wenyewe. Watoto nitaendelea kuwasomea."

Mama akaichukua, akaisoma. "Wifi, malizia basi na 'naomba radhi'. Ni maneno tu."

"Kama ni maneno tu, mbona unataka sana niyaandike?"

"Nataka uwe na kazi mwezi ujao."

"Na mimi nataka. Lakini nimekosa nini?"

Mama akashusha pumzi, akarudi kwenye pindo lake. Barua ikaenda bila radhi. Siku saba zikapita, na nyingine saba, hakuna jibu.

Kisha siku moja tukamwona Mkuu mwenyewe anavuka barabara. Alisimama ukingoni mwa kibaraza, akaviangalia vitabu kwenye kamba, akanyoosha kimoja kilichoning'inia upande. Watu wa makao makuu walikuwa wanakuja kukagua huduma kwa watoto.

"Mama Gundi," akasema, na ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo, "Jumatano ijayo uwalete watoto ndani. Na hivi vitabu vyao tuvitundike ukutani. Kabati nitalifungua."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi kuna nini?"

"Kabati litakuwa wazi?"

Mkuu akakohoa. "Tutaangalia."

"Basi na sisi tutaangalia," shangazi akasema, akaendelea kumenya boksi gamba la juu.

Alipoondoka, mama alimjia juu. Akamwambia mtu akinyoosha mkono unaupokea, humwangalii kucha. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho. "Sikatai mkono wake," akasema. "Nakataa kuwapanga watoto kama maua ya mezani, kesho wakatupwa."

Jumatano ikafika. Mkeka ulikuwa umepigwa brashi, kabati liko wazi, na hakuna mtoto. Tulichokijua ni kile alichotusimulia karani, maana shangazi alisema tu kwamba alijibu alichoulizwa. Wageni walikuwa wawili. Mmoja, mama wa makamo, aliuliza watoto wako wapi. Mkuu akasema msimu huu mafua yamewashika wengi. Yule mama akageuka kumwangalia shangazi, aliyekuwa anapiga deki ukumbini.

"Mama, watoto huwa wanakuja hapa?"

Shangazi akaegemeza fimbo ya deki ukutani. "Walikuwa wanakuja. Siku hizi wako ng'ambo ya barabara. Kabati lilikuwa na kufuli mpaka asubuhi ya leo."

Karani alisema Mkuu aligeukia rafu, akaanza kuzinyoosha.

Mgeni yule akavuka barabara peke yake. Akakaa juu ya gunia la vipande vya nguo, mkoba mapajani. Watoto walikuwa kwenye wiki ya magurudumu, wanazungusha vifuniko vya makopo. Kwanini akamkagua kuanzia chini.

"Kwanini umevaa viatu vya harusi?"

"Sina vingine vizuri," yule mama akajibu.

Jibu hilo likamfaa. Akamletea kitabu chake. Mgeni akakisoma kurasa zote sita, kwa sauti, bila haraka, na alipofika kwenye ukurasa ambamo yule wa katikati anaota amelala peke yake, kisha anaamka anaona baridi, akaurudia. Akauliza kama anaweza kukichukua akawaonyeshe wenzake.

"Hapana," Kwanini akasema. "Kikienda huko sisi tutasoma nini?"

"Azima," shangazi akasema kutoka mlangoni. Alikuwa amefika, saa tisa na robo. "Andika jina lako hapa na siku ya kurudisha. Ni utaratibu wa maktaba."

Akaandika kwenye daftari la shule, chini ya majina ya watoto. Na alikirudisha, wiki tatu baadaye, kwa posta, kona moja imekunjika. Kwanini alihesabu kurasa kabla ya kukubali kwamba kimefika.

Ndani ya bahasha hiyo hiyo kulikuwa na nakala ya agizo. Kabati la watoto liwe wazi saa zote za kazi. Saa ya watoto irudi ndani ya maktaba kila Jumatano. Na iendeshwe na mkutubi mwenye mafunzo, atakayeletwa mwezi ujao.

Shangazi alikisoma kile kifungu cha mwisho, akakunja karatasi. Jioni hiyo hakula. Mama, ambaye alikuwa amemgombeza miezi yote ile, ndiye aliyewaka. "Wewe ndiye uliyewasha moto, halafu mwingine aje kuota?"

"Kabati liko wazi," shangazi akasema. "Hilo sirudishi." Kisha akaongeza, "Lakini Jumamosi hawajaniandikia lolote."

Jumatano ikawa ya mkutubi, binti mpole aliyekuja na ratiba iliyochapwa kwa kompyuta na gundi ya chupa. Jumamosi ikawa ya Mama Gundi, kibarazani. Watoto walikwenda kote kuwili. Mwezi wake wa tatu yule binti akaja kwetu siku ya Jumamosi, akaketi nyuma kabisa kati ya watoto, akakata kipepeo. Shangazi alimwachia mkasi mzuri.

Alipostaafu walimfanyia hafla fupi palepale ukumbini. Mkuu alisoma cheti: kwa utumishi uliotukuka katika usafi. Watu wakapiga makofi. Shangazi akakipokea, akakisoma, akamrudishia.

"Usafi ni kweli," akasema, "lakini haujakamilika. Andikeni na watoto. Msipoweza, kikae hapa."

Nilidhani Mkuu atakasirika. Akachomoa kalamu moja mfukoni, kisha akakumbuka kwamba cheti kina muhuri na hakiandikwi juu, akairudisha. Akasema ataomba kingine. Huu ni mwaka wa pili.

Cheti cha kwanza bado kiko kwenye droo ya ofisi, karani ameniambia. Hakuna aliyekifuata. Jumamosi iliyopita kwetu ilikuwa wiki ya masikio, na watoto ishirini na wawili walitoboa vikombe vya karatasi, wakaviunganisha kwa uzi, wakasambaa kibaraza kizima hadi kwa muuza viazi, wakinong'onezana mambo ambayo walikataa kabisa kuniambia.