Robo ya Nyumba

Ndugu yangu mkubwa alipomaliza kujenga mezoneti yake ya ghorofa nje kidogo ya mji wa Kericho, alihakikisha hakuna mtu wa ukoo ambaye hajajua. Nilitamani kumwambia kwamba kwa Kifaransa neno mezoneti maana yake ni nyumba ndogo, lakini mke wake alikuwa karibu, na nyumba ndogo ni maneno ya kuvunja ndoa. Nikanyamaza. Kwangu hiyo ni kazi ngumu, maana nafundisha Kiingereza shule ya msingi huko Longisa na nimezoea kusahihisha watu.

Mama yetu alichuma chai ya kampuni maisha yake yote. Mashine za kuchuma zilipoletwa, yeye na wenzake waliambiwa asante, halafu wakaambiwa warudishe funguo za kwota. Kwota ni kile chumba kimoja cha kampuni tulimolelewa, sisi upande huu wa pazia na wazazi upande ule. Kwa hivyo ndugu yangu aliposema, "Mum, nimekujengea SQ," Mama alilia kwa furaha. Jumapili akasimama kanisani kumshukuru Mungu kwa hiyo SQ, na akina mama wakapiga vigelegele. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Siku ya kuhamia tuliipita mezoneti yenyewe, tukapita kamba za nguo, tukafika nyuma kwenye tangi la maji. Chumba kimoja, dirisha moja dogo, mopu na ndoo bado zimo ndani.

Mama akaweka begi chini. "Kwani SQ ni Kiingereza cha nini?"

"Senior Quarters, Mum," ndugu yangu akajibu haraka.

Ati senior! Aki huyu mtu hana haya. Hasira ikanipanda.

"Mama, hiyo S ni servant. Ni chumba cha mfanyakazi wa nyumba. Na hiyo Q ndiyo kwota ileile, neno lililoanza likiwa na maana ya robo, kama ile robo ya nyama unayopimiwa buchari. Baadaye ndio likawa mahali pa kulaza askari na vibarua."

"Mwalimu, wacha ujuaji," ndugu yangu akasema.

Mama hakunikaripia. Alitazama madirisha ya ghorofani, moja baada ya lingine. "Robo," akasema polepole. "Na zile robo tatu analala nani?"

Ndugu yangu akaanza habari za ngazi, eti magoti ya Mama hayataziweza. Magoti hayohayo yaliyopanda milima ya chai na kikapu mgongoni ili yeye asome!

Mama akaokota begi lake, akanipa mimi nilibebe. Kisha akamgeukia mwanawe, kwa upole kabisa.

"Nilikuzaa nikiwa kwota, baba. Nikakusomesha ndio utoke. Sikujua ukitoka utanirudisha."