Mkono Usiosikia Moto

Nyumbani kwetu Shituru, sufuria ya bukari, yaani ugali, haiondolewi motoni kwa kitambaa. Mama yangu aliibeba kwa mikono mitupu, nami nikamwiga tangu utotoni, hata nikawa na vidole ambavyo majirani waliita watoto wao waje kuvitazama. Nilijivunia vidole hivyo kuliko diploma yangu ya biolojia. Ndivyo vilivyokaribia kunikosesha kazi.

Nilikuwa katika miezi yangu mitatu ya majaribio kwenye maabara ndogo ya shule moja hapa Likasi. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo vya vioo. Mkuu wa maabara, mtu mpole mwenye koti moja na subira nyingi, aliniambia kwamba Ijumaa angekuja kukagua zoezi langu la kunakili ADN, yaani DNA. Likifaulu, ningekabidhiwa wanafunzi wa mazoezi ya vitendo. Lisipofaulu, ningemalizia majaribio kwenye beseni la sabuni, kisha nirudi kwa Mama. Niliwataka wanafunzi hao mno, hata nilikwisha anza kujizoeza kutembea polepole, mikono nyuma, kama mtu anayejua mambo.

Zoezi lenyewe si uchawi. Unachukua duara dogo la ADN, lenye kile kipande unachotaka kinakiliwe na pia kinga dhidi ya antibiotiki. Unalichanganya na bakteria kwenye barafu, unawatia katika maji ya moto kwa muda usiofika dakika, halafu unawarudisha kwenye barafu. Kwa mshtuko huo wachache wao hulipokea duara. Kisha unawapaka wote juu ya sahani iliyotiwa antibiotiki. Waliolipokea wanaishi na kuzaana, na kila wakizaana wanakinakili kipande chako bila kuulizwa. Waliolikosa wanakufa. Barafu niliipata sokoni kwa muuza samaki, kwa hiyo sayansi yangu yote ilinuka samaki.

Kilichobaki ni chakula cha hao bakteria: unga wa mwani unaochemshwa katika chupa mpaka uwe kama uji, ukamiminwa sahanini ugande. Antibiotiki inatiwa kabla ya kumimina, lakini haivumilii moto mkali, inaharibika. Lazima usubiri uji upoe kidogo. Kipimajoto chetu kilikuwa kimevunjika, na tusiulize nani alikuwa akikiosha. Basi mkuu alinipa kanuni ya mkono.

“Shika chupa,” alisema. “Kama mukono inavumilia, njo unatia dawa.”

Jumatano nikaishika chupa. Mkono wangu ulivumilia mara moja. Nakumbuka niliwahurumia watu wengine ambao ingewabidi wangoje. Nikatia dawa, nikamimina katika sahani mbili, nikapaka, nikaenda zangu nyumbani mapema.

Alhamisi asubuhi sahani ya kwanza ilikuwa imejaa madoa meupe yasiyohesabika, na kila doa ni ukoo mzima wa bakteria. Nilimpigia Mama simu papo hapo. Mama akawatangazia kina mama wa jumuiya kwamba binti yake anazalisha viumbe kwenye sahani, kisha akachinja kuku. Mimi nilikuwa tayari nawaza nguo ya Ijumaa. Ndipo nikafunua sahani ya pili, ile ya kulinganishia, kwa uvivu wa mtu aliyekwisha shinda. Humo nilipaka bakteria wasiopewa duara hata moja. Walipaswa kufa wote. Ilikuwa imejaa vilevile.

Maana yake antibiotiki yangu ilikuwa imeharibika, na sahani ya kwanza haikuthibitisha chochote. Bakteria wangu waliishi kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuwaua.

Nilikuwa peke yangu, na ndoo ya taka ilikuwa chini ya meza. Bila sahani ya pili, ya kwanza ilipendeza sana. Nakiri kwamba niliitupa hiyo ya pili. Nikanawa mikono, nikaketi, nikajaribu kujiona mbele ya wanafunzi nikiwafundisha kwamba sahani ya kulinganishia ndiyo inayosema ukweli. Niliona haya hata masikio yakapata moto, na hayo, kumbe, yanasikia moto vizuri. Nikaiokota.

Ijumaa niliziweka zote mbili mbele ya mkuu. Alizifunua, akazilinganisha. Hakunigombeza, akasema nianze upya mbele yake, na kwamba kimebaki kichupa kimoja tu cha bakteria. Nikachemsha, nikangoja kidogo, nikaishika chupa ya uji wa mwani, nikamwambia tayari. Alinyoosha mkono aipokee, akairudisha mezani haraka na kuanza kupuliza vidole.

“Weye hausikie moto?” aliuliza.

“Kwetu tunabeba sufuria bila kitambaa,” nilimjibu.

Alicheka mpaka akatafuta kiti. Siku hiyo tulitumia vidole vyake, vidole vya mtu wa kalamu, na ilibidi tungoje kama robo saa kabla havijaridhika. Jumamosi sahani ya kwanza ilikuwa na madoa saba, na ya kulinganishia haikuwa na kitu. Nilikaribia kulia kwa furaha. Mama, aliyechinja kuku kwa ajili ya madoa yasiyohesabika, aliposikia saba aliniuliza kama nimefukuzwa.

Nilipewa wanafunzi. Siku ya kwanza nilitembea polepole, mikono nyuma, nikawaeleza kanuni ya chupa, kwa maana kipimajoto kipya kilikuwa hakijafika. Msichana mmoja wa mbele aliichukua chupa iliyotoka motoni wakati huohuo. Aliishika kwa mikono yote miwili bila kukunja uso, kisha akaniangalia kwa majivuno niliyoyajua vizuri.

“Madame, iko tayari.”

Sikumuuliza kwao ni wapi. Nilimpenda papo hapo.

“Bado,” nilimwambia. “Weka chini, tungoje.”