Zamu ya Mama Kusema

Miaka ya vita, reli ilipokatika, kaka yangu mkubwa alikwama Lubumbashi na sisi tukabaki Kindu. Tulimpata kwa phonie ya misheni tu, ile redio ambayo watu wawili hawawezi kusema kwa pamoja. Ukimaliza unasema "à vous", yaani zamu yako, unaachia kitufe, unangoja. Ukimkatiza mwenzio, wote hamsikii kitu. Mama aliishika sheria hiyo kuliko mwenye redio.

Vita vikaisha, kaka hakurudi. Kazi, mke, watoto, halafu ugonjwa wa mapafu. Mwaka jana, alipokuwa hawezi tena kusafiri, mama alitaka jambo moja tu: amwone uso kabla ya lolote kutokea.

Kompyuta yangu ni kuukuu. Kila nilipofungua mkutano wa video kwenye kivinjari, picha iliganda. Binti yangu akaweka programu ndogo inayoufungua mkutano uleule katika dirisha lake peke yake. Akakiri kwamba wenye huduma ya mkutano si wao walioitengeneza programu hiyo. Nilifoka. Ya nani basi? Nani anatusikiliza? Vita vilitufundisha kuogopa masikio ya watu. Mama akanitazama.

"Wewe, nyamaza. Iko inafungua ao haifungui?"

Ilifungua. Kaka akatokea, amekonda, kichwa chote mvi. Mama alilia kwanza, kisha akakaa sawasawa.

"Mwanangu, ni mimi mama yako. Unalala muzuri? À vous."

Wajukuu wakacheka, wakamwambia siku hizi mnaweza kusema wote pamoja. Kaka hakucheka. Alijibu, akakohoa, akamalizia: "À vous, mama." Wakaendelea hivyo kila Jumapili, na mimi niliyefoka ndiye niliyekuwa wa kwanza kuwasha mashine.

Jumapili ya mwisho pumzi ilikuwa inamkatika.

"Mama, niko nachoka sana. À vous."

Mama hakusema kitu. Alimtazama, naye kaka akamtazama, mpaka shemeji, mke wake, alipofunga mkutano upande wao. Niliudhika, nikadhani mama ameishiwa maneno siku yalipohitajika. Kaka alifariki wiki ileile. Kwenye matanga, watu walipopungua, nilimuuliza mama kwa nini hakumjibu mwanawe.

"Kama ningesema, angelazimika kunijibu," alisema. "Nilimuacha apumuzike."