Chumbani kwa Deng

Mtambo wa mikutano ya video wa ofisi yetu niliufunga mimi, na kila mfanyakazi nikampa chumba chake humo kwenye kompyuta, chenye jina lake. Sifa nikazila. Wiki jana mke wangu Akiru, aliyekuwa kazini Lodwar, akanitumia ujumbe: "Saa nane niko chumbani kwa Deng. Usinipigie."

Deng! Yule mtanashati wa ofisini kwetu anayeishi hapa hapa Kakuma! Kumbe bibi amerudi kimyakimya? Saa nane ilipogonga nikashika fimbo, nikaupiga teke mlango wa Deng.

"Akiru wangu yuko wapi?"

Deng akanigeuzia kompyuta taratibu. Wakubwa wa Lodwar walikuwa wamenikodolea macho, Akiru katikati yao, amejifunika uso.

"Ejok, fundi," Deng akanisalimu. "Karibu chumbani. Si ulikijenga mwenyewe?"